Wanawake na hip-hop: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Wanaume waliianzisha, wanawake wakaja baadaye kupamba video.

Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, DJ Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe inayohesabiwa kuwa chimbuko la hip-hop. Sherehe hiyo iliandaliwa na dada yake, Cindy Campbell, aliyetaka hela za kununulia nguo za shule. Jina la Herc liko midomoni mwa watu. La Cindy unalitafuta kwa tochi. Mwaka 1979 Sylvia Robinson, mmoja wa wenye lebo ya muziki ya Sugar Hill, alitoa wimbo "Rapper's Delight", na mwaka huohuo akawarekodi The Sequence, mabinti watatu waliochana (yaani kurap) wenyewe. MTV yenyewe, televisheni ya video za muziki, ilianza 1981, kwa hiyo hizo video za kupambwa zilikuwa bado.

Dhana: Wanaolalamikia matusi kwa wanawake ni watu wa nje wasioujua muziki huu.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, maana malalamiko makali kabisa yametoka ndani ya nyumba. Rapa Queen Latifah alitoa "U.N.I.T.Y." mwaka 1993, akiwahoji wanaume wanaowaita wanawake majina ya kuwadhalilisha, na wimbo huo ukampa tuzo ya muziki ya Grammy. Joan Morgan, mwandishi aliyekulia Bronx kwenye muziki huohuo, aliandika mwaka 1999 kuhusu kuupenda na kugombana nao kwa wakati mmoja.

Kisha kuna Spelman, chuo cha wanawake weusi kule Atlanta. Mwaka 2004 taasisi ya rapa Nelly ilipanga kuendesha hapo zoezi la kutafuta watu wa kuchangia uboho, kwa kuwa dada yake alikuwa na saratani ya damu. Wanafunzi walitaka kwanza azungumze nao kuhusu video yake iliyoonyesha kadi ya benki ikipitishwa kwenye makalio ya msichana. Zoezi likafutwa. Wapo wanaowalaumu wanafunzi mpaka leo. Mimi naona waliomba mazungumzo tu, tena na mtu aliyekuja kuwaomba msaada.

Dhana: Mwanamke anayeuimba mwili wake hana tofauti na anayeimbwa.

Tofauti ipo. Rapa Lil' Kim, mwaka 1996, ndiye aliyeshika maiki na kusema anachotaka yeye. Msichana wa kwenye video hata jina hatajwi. Unaweza usiupende mtindo wa Lil' Kim, lakini usiwaweke kapu moja.

Dhana: Bila kumdhalilisha mwanamke, hip-hop haiuzi.

Mwaka 1998 "Doo Wop (That Thing)" ya Lauryn Hill ilikamata namba moja Marekani. Ubeti wa kwanza unawasema wasichana, wa pili unawageukia wanaume. Mwaka uliofuata albamu yake ikawa ya kwanza ya hip-hop kutwaa Grammy ya Albamu Bora ya Mwaka.