Je, wajua kwa nini msitu wa asili haurudi wenyewe shamba likiachwa?

Ondoa ng'ombe malishoni, funga uzio, subiri miaka kumi. Katika sehemu nyingi za Msitu wa Atlantiki nchini Brazili, utakachokuta ni nyasi zile zile, ila ndefu zaidi. Msitu huo uliwahi kutanda pwani ya mashariki ya nchi. Leo umebaki takriban asilimia 12 tu, na sehemu kubwa ya mabaki iko katika ardhi ya watu binafsi. Ndiyo maana sheria ya huko inamruhusu mwenye shamba kuligeuza kuwa hifadhi binafsi, RPPN kwa kifupi cha Kireno. Ardhi hubaki yake, lakini hadhi ya hifadhi huandikwa kwenye hati na haifutiki hata akiuza au akirithisha.

Karatasi, hata hivyo, haioteshi mti. Kizuizi kikubwa ni nyasi, na nyasi zenyewe zilitoka kwetu. Ni brakiaria, nyasi ya malisho yenye asili ya Afrika. Aina ya Basilisk, iliyoenea sana Brazili, mbegu zake za kwanza zilichukuliwa Uganda mwaka 1930, zikapitia Australia. Sifa zinazompendeza mfugaji ndizo zinazoua msitu: huota upesi, huvumilia kukanyagwa, na mizizi yake hunyonya unyevu wa juu kabla mche haujapata wake. Kiangazi zinakauka na kushika moto kirahisi. Moto ukipita, nyasi huchipua baada ya wiki chache. Miche mingi ndiyo imekwisha.

Pili ni mbegu. Miti mingi ya msitu wa mvua hutegemea ndege, popo na kima kubeba mbegu zake, na wengi wao hawathubutu kuvuka uwanja mtupu.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuhesabu. Pita shambani, fungua nyasi kwa mkono, hesabu miche iliyojiotea. Ikiwa ni mingi na msitu uko jirani, usipande: zuia mifugo, lima kinga ya moto, palilia kisahani kuzunguka kila mche. Ni nafuu kuliko kitalu. Wengi huiruka hatua hii, labda kwa kuwa kupanda hupendeza zaidi kwenye picha.

Pasipo na kitu, ni lazima kupanda. Mfano unaojulikana ni Fazenda Bulcão huko Aimorés, jimbo la Minas Gerais, shamba la ng'ombe la familia ya mpiga picha Sebastião Salgado. Yeye na mkewe Lélia waliligeuza RPPN mwaka 1998, zaidi ya hekta 600 za ardhi iliyochoka. Zaidi ya nusu ya miche ya kwanza ilikufa. Leo miti iliyopandwa imepita milioni mbili.

Nafasi ya kawaida Brazili ni mita 3 kwa 2, yaani miche 1,667 kwa hekta. Mistari hupishana. Mmoja ni wa miti ya kivuli, inayokua haraka na kutandaza matawi: mutamba, capixingui, na Trema micrantha ambaye ni ndugu wa mpesi wetu. Unaofuata ni wa miti inayoishi muda mrefu, kama jequitibá na jatobá, ndugu wa msandarusi wa pwani yetu. Mbegu ya jatobá ina ganda gumu. Isiposuguliwa msasa inaweza kukaa muda mrefu bila kuota. Ya mti wa ingá ni kinyume: ikikauka imekufa, hivyo hupandwa mara tu inapotolewa kwenye ganda. Kusanya kutoka miti mingi, si mmoja ulio karibu na barabara, la sivyo msitu mzima utakuwa wa ndugu.

Kabla ya mashimo, washughulikie sisimizi wakata majani, saúva. Kundi lao linaweza kuvua mche majani yote usiku mmoja. Chambo cha sumu huwekwa kandokando ya njia zao wiki kadhaa kabla ya kupanda, siku kavu, kwa sababu kikilowa hawakibebi. Kisha subiri mvua ziloweshe udongo vizuri. Mvua ya kwanza hudanganya. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, toa kiriba (mfuko wa plastiki wa mche), kata mizizi iliyojizungusha chini, na usifukie shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi.

Panapoharibika zaidi ni baada ya hapo. Kisahani chenye upana wa mita moja kinatakiwa kupaliliwa kila miezi miwili au mitatu wakati wa mvua, kwa miaka miwili au mitatu, hadi matawi yagusane na kivuli kizime nyasi. Bajeti nyingi huishia kwenye sherehe ya kupanda.

Kosa jingine huchelewa kuonekana. Miti ya kivuli haiishi sana. Aliyepanda hiyo pekee huiona ikifa karibu pamoja baada ya miaka 15 hivi, mwanga ukaingia, brakiaria ikarudi. Hivyo kivuli kikishatulia, chini yake hupandwa spishi zisizopenda jua, hasa mti mwembamba wa jamii ya mnazi uitwao jussara, ambao matunda yake huwaita ndege wabeba mbegu. Jussara ina shina moja tu, na kiini chake huliwa: akipita mwizi mwenye panga, mti umekwisha. Hifadhi inayoipanda hulipa pia mshahara wa mlinzi.