Pyongyang huguswa wapi ikaruka?

Kazi yangu ni kufuatilia maazimio ya haki za binadamu kwenye Umoja wa Mataifa, na swali ninaloulizwa mno ni hili: Korea Kaskazini imejifungia hivyo, lawama za nje zinaisumbua nini? Zinaisumbua, ila si zote.

Njia ya kwanza ya kuisumbua ni kuwagusa viongozi wenyewe. Chukua mwaka 2014. Mwezi Februari, tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na jaji Michael Kirby wa Australia, ilisema uhalifu dhidi ya ubinadamu unatendeka nchini humo, na ikakadiria wafungwa wa kisiasa walioko kambini kuwa kati ya 80,000 na 120,000. Tume ilikataliwa kuingia, hivyo ikasikiliza mashahidi hadharani Seoul, Tokyo, London na Washington. Maazimio ya kulaani yalikuwa yakipita kila mwaka bila Pyongyang kushtuka. Safari hii rasimu ya azimio ikagusia viongozi wa juu na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), inayoweza kuwashtaki watu binafsi. Oktoba, wanadiplomasia wa Korea Kaskazini wakakutana New York na Marzuki Darusman, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa kufuatilia haki za binadamu nchini humo, ambaye walikuwa hawamtambui, wakamwambia anaweza kuzuru nchi yao, mradi vifungu hivyo viondolewe. Havikuondolewa, na ziara ikafa. Baraza Kuu likapitisha azimio kwa kura 116 dhidi ya 20. Siku chache baadaye Baraza la Usalama likaliweka suala hilo kwenye ajenda licha ya China na Urusi kupinga, kwa sababu kura za utaratibu hazina turufu (veto), yaani mwanachama wa kudumu hawezi kuzizuia peke yake.

Njia ya pili ni ya polepole. Desemba 2016 nchi hiyo iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na Mei 2017 ikampokea Catalina Devandas Aguilar, mtaalamu maalumu wa kwanza wa Baraza la Haki za Binadamu kuingia huko. Danganya toto? Huenda. Lakini ukisharidhia mkataba, unadaiwa ripoti na kuulizwa maswali.

Kinachonikera ni kuliweka suala hili kando kila mazungumzo ya nyuklia yanapoanza. Tamko la Trump na Kim la Singapore, Juni 2018, halina hata neno moja juu ya haki za binadamu. Na vikao vya wazi vya Baraza la Usalama kuhusu suala hili, vilivyofanyika kila mwaka tangu 2014 hadi 2017, vilikatika mpaka Agosti 2023.