Sera ya Pamoja ya Usalama na Ulinzi ya Ulaya si jeshi la Ulaya

Vita vya Ukraine vikichacha, au meli ikipigwa kombora Bahari ya Shamu, kauli ileile inarudi redioni, magazetini na kwenye makundi ya WhatsApp: "jeshi la Umoja wa Ulaya". Mara limejipanga, mara limetengewa euro bilioni 800, mara litaingia. Wanaosema hivyo si watu wasiojua mambo. Wengine ni wachambuzi ninaowaheshimu na kuwafuatilia. Lakini jeshi hilo halipo, wala halijawahi kuwepo. Kilichopo ni Sera ya Pamoja ya Usalama na Ulinzi, inayofupishwa kwa Kiingereza kuwa CSDP, na ukiichanganya na jeshi utashindwa kuelewa hata yale yaliyotokea hapa hapa kwetu, kuanzia Bunia, Kongo, hadi Cabo Delgado, Msumbiji.

Maana yake ni hii. Ni utaratibu unaoziwezesha nchi 27 za Umoja wa Ulaya kukubaliana, kwa kauli moja, kutuma askari, polisi, wanasheria au waangalizi nje ya mipaka ya Umoja huo, ili kulinda amani, kuzuia migogoro au kufundisha majeshi ya wengine. Nchi yoyote ina kura ya turufu, ingawa inaweza pia kukaa pembeni bila kuzizuia nyingine, kama Hungary ilivyofanya mwaka 2022 wenzake walipoamua kuwafundisha askari wa Ukraine. Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja huo, ina kamati ya kijeshi, ofisi za kupanga operesheni, na mkuu wa sera za nje, ambaye tangu Desemba 2024 ni Kaja Kallas kutoka Estonia. Haina hata kombania moja ya askari wake. Kila askari unayemwona chini ya bendera ile ya bluu ameazimwa na nchi yake, analipwa mshahara na nchi yake, na nchi yake ikimtaka arudi, anarudi.

Wanaosema "jeshi la Ulaya" wanasahau kwamba Ulaya iliwahi kujaribu kuwa nalo kweli, ikashindwa. Tarehe 27 Mei 1952, mjini Paris, nchi sita zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Ule ulikuwa mpango wa jeshi hasa. Bajeti moja, kamandi moja, hata sare moja. Wazo lilitoka kwa Wafaransa wenyewe, waliotafuta njia ya Wajerumani kushika tena bunduki dhidi ya Wasovieti bila Ujerumani kuwa na jeshi lake peke yake. Nchi nne zikauridhia. Kisha, tarehe 30 Agosti 1954, Bunge la Ufaransa likaukwamisha kwa kura 319 dhidi ya 264, kwa hoja iliyokatisha mjadala kabla haujafika mwisho. Waliouanzisha ndio waliouzika. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi iliingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na tangu hapo kazi ya kuilinda ardhi ya Ulaya Magharibi isivamiwe ikawa ya NATO, Marekani ikiwa mbele.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini sera ya leo imeandikwa kwa tahadhari kubwa kiasi kile. Iliibuka baada ya vita vya miaka ya 1990, Yugoslavia ilipokuwa inaungua na serikali za Ulaya zikalazimika kuisubiri Washington ichukue hatua. Desemba 1998, katika mji wa bandari wa Saint-Malo, Ufaransa, Rais Jacques Chirac wa Ufaransa na Waziri Mkuu Tony Blair wa Uingereza walitangaza kwamba Umoja wa Ulaya lazima uwe na uwezo wa kuchukua hatua wenyewe. Mwaka mmoja baadaye, mjini Helsinki, viongozi waliahidi kwamba ifikapo 2003 wataweza kupeleka hadi askari 60,000 ndani ya siku 60. Lengo hilo halikutimia kama lilivyoandikwa. Vikaundwa vikosi vidogo vya askari wapatao 1,500 kila kimoja, viwili vikikaa tayari kwa zamu tangu Januari 2007, na havikutumwa popote hata mara moja. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Machi 2022, wakapanga kikosi cha dharura cha hadi askari 5,000. Nacho pia ni cha kuazima.

Sheria yenyewe iko wazi, na inanisikitisha kwamba haisomwi. Jina la sasa lilitokana na Mkataba wa Lisbon, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009, na uti wa mgongo wake ni kifungu cha 42 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Fungu la kwanza linasema uwezo huo utatumika katika operesheni za nje ya Umoja. Fungu la pili linatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: kwanza sera ya ulinzi ya pamoja, inayojengwa hatua kwa hatua; pili ulinzi wa pamoja wenyewe, utakaokuja siku wakuu wa nchi na serikali wote watakapoamua hivyo kwa kauli moja. Hawajaamua. Fungu hilohilo linaongeza kwamba kwa wanachama walio ndani ya NATO, ulinzi wao wa pamoja unabaki NATO, na kwamba msimamo wa nchi kama Austria na Ireland, zisizofungamana kijeshi na upande wowote, hautaguswa. Neno "ulinzi" limo kwenye jina la sera, lakini kuilinda ardhi ya Ulaya kwa jeshi moja ni jambo lililoahirishwa kimaandishi.

Kuna fungu la saba, na hapa wenye hoja tofauti hunijia juu. Linasema nchi mwanachama ikivamiwa kwa silaha katika ardhi yake, wenzake wana wajibu wa kuisaidia kwa njia zote walizonazo. Ni kweli, na si jambo dogo. Limetumika mara moja, Novemba 2015, Ufaransa ilipoomba msaada baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Paris. Lakini angalia msaada ulivyotolewa. Ufaransa ilizungumza na kila nchi kivyake. Ujerumani ikapeleka ndege za upelelezi kwenye anga la Syria na kuongeza askari Mali. Brussels haikuunda kamandi, wala hakikutoka kikosi chochote chenye bendera ya Umoja.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu sera hii imekanyaga zaidi udongo wa watu wanaozungumza Kiswahili kuliko wengi wanavyokumbuka. Operesheni yake ya kwanza ya kijeshi nje ya Ulaya, na ya kwanza bila kutegemea NATO, ilifanyika Ituri, mashariki mwa Kongo. Mei 2003 wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu walikuwa wakigombea mji wa Bunia, raia wanauawa mitaani, na walinzi wa amani wachache wa Umoja wa Mataifa waliokuwepo hawakuweza kuwazuia. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na mwezi Juni askari wa operesheni iliyoitwa Artemis wakaanza kutua Bunia, wakitumia Entebbe kama kituo chao cha nyuma. Makao makuu ya operesheni yalikuwa Paris. Kamanda alikuwa jenerali Mfaransa. Askari wengi mno walikuwa Wafaransa, pamoja na kikosi maalumu cha Sweden na wengine wachache. Jukumu lao liliishia kwenye mji, uwanja wa ndege na kambi za waliokimbia makazi. Nje ya hapo, vijijini, mauaji yaliendelea. Tarehe 1 Septemba wakakabidhi kazi kwa Umoja wa Mataifa, wakaondoka.

Ukisema "jeshi la Ulaya lilikuja Bunia" umeficha yote ya maana. Aliyekuwa tayari kwenda ni Ufaransa. Wengine waliunga mkono na kutoa bendera. Mipaka ya kazi na tarehe ya kuondoka vilipangwa kulingana na kile serikali chache zilichokuwa tayari kubeba. Mtu wa Ituri anayetaka kuuliza kwa nini ulinzi uliishia pembezoni mwa mji anapaswa kujua swali lake linakwenda mji mkuu gani. Hiki ndicho kinachoniuma zaidi katika kauli ile: inamfanya mwenye uamuzi asionekane.

Miaka iliyofuata sera hiyohiyo ilirudi Kongo kwa sura nyingine kabisa. Kuanzia 2005 ujumbe ulioitwa EUSEC ulikuwa na washauri wa kijeshi waliokaa na daftari za mishahara. Fedha za askari wa Kongo zilikuwa zikipitia mikononi mwa makamanda wao, na nyingi haziwafikii walengwa. Washauri wale walisaidia kuwahesabu askari, kuwapa vitambulisho vyenye alama za vidole, na kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Hakuna risasi iliyopigwa hapo. Nayo ni Sera ya Pamoja ya Usalama na Ulinzi kwa asilimia mia, na kwa maoni yangu ni kazi iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingi zenye manowari.

Manowari nazo zipo. Desemba 2008 ilianza operesheni ya Atalanta dhidi ya maharamia wa pwani ya Somalia, moja ya kazi zake ikiwa kulinda meli za WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zilizobeba chakula cha msaada. Machi 2009 Kenya ilikubali kupokea washukiwa waliokamatwa baharini, na kesi zikasikilizwa Mombasa, washtakiwa wakishikiliwa katika gereza la Shimo la Tewa. Mwaka 2010 wakufunzi wa Ulaya walianza kuwafundisha askari wa Somalia, na mafunzo hayo yalifanyika Bihanga, Uganda, kabla ya kuhamia Mogadishu mwaka 2014. Na kule kusini, ng'ambo ya Ruvuma, walianza kuyafundisha majeshi ya Msumbiji mwaka 2021 kwa ajili ya vita vya Cabo Delgado.

Fedha nayo inachanganya watu, na hapa nawaelewa, maana imefumwa kwa namna ya ajabu. Kifungu cha 41 cha mkataba uleule kinakataza bajeti ya Umoja wa Ulaya kulipia operesheni za kijeshi. Kwa hiyo nchi wanachama zinachanga pembeni, na tangu 2021 mchango huo unaitwa Mfuko wa Amani wa Ulaya. Ulianza na kiasi kisichofika euro bilioni 6 hadi 2027. Ukraine ilipovamiwa ukapandishwa hadi zaidi ya bilioni 17. Mfuko huohuo uliipa Rwanda euro milioni 20 mwishoni mwa 2022 kwa ajili ya askari wake walioko Cabo Delgado, kwa vifaa visivyo vya kuua na kwa usafiri. Askari wale wanabaki wa Kigali. Amri haitoki Brussels kwa sababu tu hundi imetoka huko.

Zile bilioni 800 ni habari nyingine kabisa. Zilitangazwa Machi 2025 na Ursula von der Leyen, rais wa Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya. Bilioni 150 ni mikopo ambayo Umoja unakopa ili nchi wanachama zinunue silaha zao. Zilizobaki, takriban 650, ni makadirio ya kile ambacho nchi zenyewe zingeweza kutumia zikilegezewa masharti ya nakisi ya bajeti. Mizinga itakayonunuliwa itakuwa ya Poland, ya Ugiriki, ya Lithuania. Hiyo ni sera ya viwanda na mikopo, na ndiyo maana inasimamiwa na Halmashauri Kuu, huku operesheni zikiamuliwa na Baraza la mawaziri wa nchi wanachama.

Hofu ya vita imeongezeka kweli, na sera hii imesogea nayo. Denmark, iliyokaa nje ya masuala ya ulinzi ya Umoja huo kwa karibu miaka 30, ilipiga kura ya maoni tarehe 1 Juni 2022 na theluthi mbili ya wapiga kura wakataka kuingia. Kikosi cha Umoja huo kilichoko Bosnia kiliongezewa askari wapatao 500 wiki ileile Urusi ilipovuka mpaka wa Ukraine. Lakini tazama Finland na Sweden zilivyofanya. Zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya tangu 1995, zote zikilindwa kimaandishi na lile fungu la saba. Zilipoogopa kuvamiwa, ziligonga mlango wa NATO, Finland ikaingia Aprili 2023 na Sweden Machi 2024. Wao wenyewe walijua sera yao inafanya nini na haifanyi nini.

Kwa hiyo ukisikia kwamba askari wa Ulaya huenda wakapelekwa Ukraine silaha zikinyamaza, hao wanapangwa na kundi la nchi zilizojitolea, likiongozwa na Uingereza na Ufaransa, na Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Kilicho cha sera hii ni ule ujumbe wa mafunzo ulioanza Novemba 2022, ambao umewafundisha askari wa Ukraine zaidi ya 60,000, wengi wao wakiwa Poland na Ujerumani. Andika "wakufunzi wa Umoja wa Ulaya" kwa hawa, na kwa wale andika jina la nchi iliyowatuma.