Kuonja mnazi Mombasa kwa mfuko mdogo: uliza saa kabla ya bei

Msafiri wa begi mgongoni akifika Mombasa na akitaka kuonja mnazi, pombe ya hapa itokanayo na utomvu wa mti wa mnazi, ambayo pia huitwa tembo, swali lake la kwanza huwa ni wapi. Mimi namshauri aanze na lini. Bia ya Tusker ya leo ndiyo Tusker ya kesho, lakini mnazi wa saa mbili asubuhi na mnazi wa saa mbili usiku ni vinywaji viwili, hata kama vimetoka mti mmoja.

Mgema, yaani mvunaji wa utomvu huo, hupanda mti asubuhi na jioni. Hulifunga karara, yaani ala linalofunika maua ya mnazi, kabla halijapasuka, hulipinda kidogo kidogo kwa siku kadhaa ili lisivunjike, kisha hukata ncha yake kwa kotama, kisu cha mgema, na kutundika kibuyu, ingawa siku hizi mara nyingi ni chupa ya plastiki. Kila akipanda hukata tena kipande chembamba, kwa kuwa kidonda cha zamani huziba na utomvu hukoma. Karara linalogemwa halizai nazi. Mwenye shamba anachagua moja, nazi au tembo, na mti mmoja hutoa lita moja au mbili tu kwa siku. Ukikumbuka kazi hiyo, hutabishana sana na bei, ambayo hata hivyo ni nafuu kuliko ya bia.

Utomvu unapodondoka ni maji matamu yenye sukari ya asilimia 12 hadi 15, bila kileo. Lakini hamira ya mwituni iko hewani na iko ndani ya kibuyu cha jana, kwa hiyo kuchacha kunaanza palepale mtini. Kwa saa chache za mwanzo mnazi ni mtamu, una gesi inayochoma ulimi kidogo na harufu ya nazi changa. Uliogemwa asubuhi ukifika jioni sukari imepungua, kileo kimepanda hadi kama asilimia 4 au 6, na ukali umeanza. Ukilala hadi kesho yake, bakteria wa siki wanachukua usukani. Mnazi wa siku mbili haufai kunywewa, ila ni siki nzuri ya jikoni. Hamira hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiumulia mkate wa kumimina kabla ya hamira ya pakiti kujaa madukani, na wapo mama wasioikubali ya pakiti mpaka leo. Nakubaliana nao.

Sasa jiografia. Minazi ya kugemwa kwa wingi iko Kaloleni, Rabai na kwingineko Kilifi, na upande wa pili Kwale. Mnazi unaouzwa kwenye mangwe, yaani vilabu vya mnazi, za Kisauni, Mtwapa au Likoni mara nyingi umesafiri kwa mtungi tangu alfajiri. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 nayo inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ukijumlisha hayo mawili utaona kwa nini wageni wengi husema mnazi ni mkali: wanaufikia ukiwa umekaa muda wa saa kumi au zaidi tangu ugemwe. Anayetaka mtamu aende wikendi, upande wa mashambani, akakutane na ule uliogemwa karibuni. Matatu ya Kaloleni hupitia Mazeras, na kivuko cha Likoni, cha kuelekea Kwale, hakitozi anayevuka kwa miguu, kwa hiyo safari yenyewe haili pesa.

Ukifika mangweni, salimia kwanza, kisha uliza hivi: "Mama, huu umegemwa saa ngapi? Nataka mtamu." Muuzaji anayejali kazi yake atakujibu bila kufikiri, na mara nyingi atakuonyesha mitungi miwili tofauti. Agiza kipimo kidogo kabla ya kuagiza lita. Tazama povu: mnazi safi una povu zito linalokawia, na rangi yake ni kama maji ya mchele. Uliotiwa maji ni mwepesi, povu lake hufa upesi, na ladha yake hukatika katikati ya ulimi. Methali ya mgema kusifiwa akalitia tembo maji haikutungwa bure, na maji hayo ndiyo yanayoharibu tumbo la msafiri, kwa sababu hujui yametoka kisima gani. Ujanja mwingine ni kutia sukari kwenye mnazi wa jana. Utautambua kwa utamu unaotangulia na uchachu unaofuata nyuma yake. Mnazi mtamu wa kweli hauna siki chini.

Utapewa mrija wenye kichujio kwenye ncha, au kikombe. Chukua mrija. Nyuki, sisimizi na nyuzi za karara huingia kibuyuni, na hilo si uchafu wa muuzaji, ni tabia ya kinywaji. Wazee wakimimina kidogo chini kabla ya kunywa, nyamaza na usipige picha. Kwa Wamijikenda mnazi ni wa koma, yaani mizimu ya wahenga, na wa mahari kabla ya kuwa wa starehe.

Kosa la kawaida ni kuubeba kwenye chupa iliyokazwa kifuniko. Gesi haikomi kutoka, na kwenye joto la Mombasa chupa ya kioo inaweza kupasuka ndani ya begi. Tumia ya plastiki, ijaze theluthi mbili, legeza kifuniko, isimamishe wima, na uinywe siku hiyohiyo. Usipite nayo Mji wa Kale mkononi, na mwezi wa Ramadhani kuwa mwangalifu zaidi.

Kuhusu chupa za dukani sina mengi, ila hesabu moja itakuokoa. Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina kileo halisi cha mililita 21. Lita moja ya mnazi wa asilimia 5 ina 50, yaani zaidi ya Tusker mbili, ingawa hushuka kama juisi. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 40 kina 100, karibu Tusker tano. Watu wawili wakikigawana kwa ndimu na asali wamepata kinywaji cha kutosha cha usiku mzima. Kagua stempu ya ushuru kabla ya kulipa. Programu ya Soma Label ya mamlaka ya kodi huisoma kwa simu. Na kula kwanza: muhogo wa kuchoma na samaki wa kukaanga ni nafuu na hukaa tumboni.

Piwa, yaani mnazi uliokenekwa (uliochemshwa na mvuke wake kukusanywa), na chang'aa, pombe kali ya kienyeji, usionje hata kidogo. Shida si ukali wake. Wauzaji wengine huongeza methanoli ya viwandani, ambayo huwezi kuitofautisha kwa ulimi wala kwa pua. Kuwasha moto ili kuona kama ni wa buluu hakusaidii, maana methanoli nayo huwaka buluu. Mwezi Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya na kuwapofusha wengine. Mwilini methanoli hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, hasa ikiwa umekunywa na pombe nyingine. Mwenzako akiamka anaona ukungu, anatapika na kupumua kwa kasi, msiseme ni kichwa cha jana. Mpelekeni hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, mseme alikunywa nini na saa ngapi, na mbebe chupa iliyobaki.