Albania, nchi iliyoipiga dini marufuku kwa katiba

Mchana wa Ramadhani, katika shule na viwanda vya Albania, chakula kiligawiwa makusudi. Kwaresima ikifika, zamu ilikuwa ya nyama na maziwa. Aliyekataa kula alikuwa amejitaja mwenyewe, akashutumiwa mbele ya wenzake.

Tukiwaeleza wanafunzi wetu wa historia ya dini habari hizi, swali la kwanza huwa: mbona watu hawakuandamana? Ni swali la mtu ambaye hajaishi mahali ambapo mtoto huulizwa shuleni nyumbani kwao wanakula nini.

Enver Hoxha, kiongozi wa kikomunisti wa Albania, alianza kampeni yake dhidi ya dini Februari 1967. Waalbania wengi walikuwa Waislamu, kusini wakiwamo Waorthodoksi, kaskazini Wakatoliki, na machoni pake kila dini ilikuwa mlango wa kuingilia mgeni: Vatikani, Ugiriki au Uturuki. Isitoshe, rafiki yake mkubwa wakati huo alikuwa China, iliyokuwa katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mila na imani za kale. Misikiti, makanisa, monasteri na zawiya za Wabektashi, wafuasi wa tarika ya Kisufi, jumla 2,169, zilifungwa. Kanisa kuu la Shkodër, mji wa kaskazini, likafanywa ukumbi wa michezo. Mwaka 1975 ikaja amri ya kuwalazimisha watu kuacha majina yasiyopatana na itikadi ya chama, na katiba ya 1976 ikatamka kwamba dola haitambui dini yoyote. Kwa sheria ya jinai ya mwaka uliofuata, kueneza dini kulimletea mtu kifungo cha miaka 3 hadi 10.

Lakini msikiti hufungwa kwa kufuli. Sala iliyohifadhiwa kichwani haina mlango. Padri Ernest Simoni alikamatwa usiku wa mkesha wa Krismasi 1963, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kazi ngumu. Gerezani alisoma misa kwa Kilatini bila kitabu, na kusikiliza maungamo ya wafungwa wenzake. Alipofunguliwa mwaka 1981 alipelekwa kufanya kazi kwenye mitaro ya maji taka ya Shkodër. Huko nako aliendelea na upadri kwa siri. Mwaka 2016 alifanywa kardinali. Padri Shtjefën Kurti hakufika huko: alimbatiza mtoto akiwa kifungoni, kwa ombi la mama yake, akapigwa risasi.

Mkono wa serikali hiyo uliwafikia hata waliokuwa mbali. Mama Teresa, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kazi yake ya Calcutta, alikuwa Mwalbania. Mama yake na dada yake waliishi Tirana, mji mkuu wa Albania. Walifariki mwaka 1972 na 1973, naye hakuweza kuwaona.

Hoxha alikufa 1985. Jumapili ya tarehe 4 Novemba 1990, Padri Simon Jubani, aliyekaa gerezani miaka 26, alisoma misa hadharani katika makaburi ya Shkodër, na Waislamu wa mji walikuja pia kusimama pamoja na majirani zao. Ijumaa ya tarehe 16 ikawa zamu ya Msikiti wa Risasi, uliopewa jina hilo kwa madini yaliyoezekea makuba yake. Aliyesalisha ni Hafidh Sabri Koçi, mfungwa wa takriban miaka 20. Ilikuwa sala ya kwanza ya Ijumaa mjini humo tangu 1967, na wengi katika safu walikuwa vijana ambao hawajawahi kuiona ikisaliwa.