Tuzo ya Nobel: yanayosemwa na yalivyo kweli

Nobel ya sayansi ni ya wenye PhD tu, tena waliosomea Ulaya au Marekani. Nimeisikia kauli hii mara nyingi, na kila mara nawakumbuka wagonjwa wetu wa malaria na vile vidonge vya mseto, vya njano, vinavyomezwa siku tatu mfululizo. Kiungo kimojawapo chake kinatokana na artemisinini, na aliyeongoza kazi ya kuipata, Tu Youyou, hana PhD wala shahada ya nje ya China.

Kazi yenyewe ilimsumbua. Dawa aliyoitoa kwenye mmea wa artemisia leo ilifanya kazi, kesho haikufanya. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha karne ya 4, kinachomwelekeza mgonjwa aloweke konzi ya mmea huo kwenye maji, akamue, anywe. Kuchemsha hakukutajwa. Kumbe huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa! Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa kwanza wao wenyewe. Nobel ilimfikia 2015, kwa hiyo anayedhani tuzo hufuata ugunduzi papo hapo ahesabu miaka hiyo.

Wengine huamini hupewa mtu kwa ukubwa wa jina lake. Hapana, kinachotajwa ni kazi mahususi. Einstein hakuipata kwa nadharia ya uhusianifu; tuzo yake ya 1921 ilitaja hasa maelezo yake ya jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali. Na Profesa Wangari Maathai, ingawa alikuwa mtaalamu wa anatomia ya wanyama, tuzo yake ya 2004 ni ya Amani.

Ukisikia mtu anajinadi kwamba "amependekezwa kuwania Nobel", usitishike. Wanaoruhusiwa kupendekeza ni maelfu, na kumbukumbu za mapendekezo hufungwa miaka 50, kwa hiyo huwezi kuthibitisha.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba asiyepewa hakustahili. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, akiwa mwanafunzi Cambridge, aliona alama ndogo ya ajabu kwenye karatasi ndefu za darubini ya redio, akaing'ang'ania hadi ikathibitika ni pulsa, nyota inayotuma mapigo ya redio. Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, na Martin Ryle. Mwaka 2018 Bell alipopewa tuzo nyingine, ya dola milioni 3, alizitoa zote ziwasomeshe fizikia vijana wa makundi yaliyoachwa nyuma.