Hatua itaje kazi, isimtaje mtoa huduma

Michakato mingi ya kibiashara ninayoitwa kukarabati imeandikwa kwa BPEL, lugha ya kuunganisha huduma za wavuti hatua kwa hatua, ambayo toleo lake la 2.0 lilipitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2007. Tatizo nalikuta palepale: hatua ya "lipa" imefungwa kwenye kiolesura cha huduma moja, yaani namna yake mahususi ya kuitwa na kujibu. Anwani ya seva unaweza kuibadilisha mchakato ukiwa unaendelea, lakini mtoa huduma mwenye operesheni na jumbe za muundo mwingine hapachikiki hapo. Huduma ikizimika kazi yote inasimama, hata kama ipo nyingine iliyo tayari.

Katika huduma za wavuti za kisemantiki, hatua inataja lengo tu. Kila huduma hujieleza kwa ontolojia, yaani msamiati rasmi wa dhana ambao kompyuta inaweza kuusoma: inapokea nini, inarudisha nini, masharti gani yatimie kabla haijaanza, na nini kitakuwa kimebadilika ikimaliza. Injini ya mchakato, yaani programu inayouendesha, inalinganisha lengo na maelezo hayo muda wa kuendesha unapofika, ndipo inachagua.

Hayo mabadiliko, yaani athari, ndiyo ninayoyasisitiza kuliko yote. Chukua huduma mbili za malipo ya kadi. Zote zinapokea namba ya kadi na kiasi, zote zinarudisha namba ya muamala. Moja inazuia fedha kwenye akaunti. Nyingine inazikata papo hapo. Ukiangalia data inayoingia na inayotoka peke yake, huwezi kuzitofautisha, na mteja ambaye bidhaa yake haipo ghalani atakuwa ameshakatwa. Kwa sababu hiyo SAWSDL, pendekezo rasmi (yaani kiwango) la W3C, shirika la viwango vya wavuti, la mwaka 2007, haiwezi kubeba mzigo huu peke yake: inaambatisha dhana kwenye maelezo ya WSDL, lugha ya kueleza kiolesura cha huduma ya wavuti, ila haina nafasi maalumu ya masharti na athari. OWL-S, ontolojia ya kueleza huduma iliyowasilishwa W3C mwaka 2004, inayo, ingawa kuiandika kunachosha kweli.

Kuna jambo gumu zaidi: huduma kukatika kabla jibu halijarudi. Injini ikikimbilia mbadala, fedha za mteja zinaweza kuzuiliwa mara mbili. Athari zikiwa zimeandikwa, inaweza kutambua kwamba kwanza iulize hali ya muamala, na ikibidi itafute huduma ya kuachilia fedha, ndipo ijaribu kwingine. Kwa hiyo timu ninazozishauri huanza kuandika athari za hatua zinazogusa fedha na akiba ya ghala. Hatua za kusoma taarifa tu zinasubiri.